Kalibu Mbili

Alikuwa amepiga magoti shimoni, sikio ameliegemeza kwenye udongo kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani ukutani.

"Inasemaje, dada?" mdogo wake alimtania kutoka juu, mkono mmoja ukiwa kwenye mvukuto. "Imeshapata mchumba?"

Hakucheka. Aliigonga kalibu ya udongo kwa kifundo cha kidole, akainusa. "Bado ina maji."

Ndani ya udongo ule mlikuwa na uwazi wenye umbo la Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu. Miezi miwili aliifinyanga nta kwa vidole vyake: mikono minne, mikunjo ya vazi, ua la yungiyungi chini ya nyayo. Wakaipaka udongo tabaka juu ya tabaka, wakaichoma, nta ikayeyuka na kutoka yote. Kilichobaki ni nafasi tupu inayongoja shaba. Kalibu ya namna hiyo humwagiwa mara moja tu. Ikiharibika, mungu yule hana pacha.

"Maji yatoke wapi? Imekaa motoni siku tatu."

"Na mvua imenyesha siku tatu."

"Dada, tangu shemeji atutoke, wewe unanusa maji hata kwenye makaa."

Maneno hayo yalimwingia. Mumewe alifia kwenye shimo hilohilo. Shaba ilikutana na unyevu, mvuke ukakosa pa kupitia, shaba ikamrudia usoni. Na asubuhi ya siku ile ni yeye aliyeigonga kalibu, akasema, imekauka, mimina.

Kuhani wa hekalu alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni. Sanamu ilitakiwa kusimikwa wiki ijayo. "Mama, kama kuna shaka, tungoje," alisema kwa upole.

"Shaka ni yake peke yake," mdogo mtu akamjibu. "Shaba imeiva."

Akauvuta mnyororo. Chungu kikaja kikining'inia, kikiwaka kwa ndani, hewa juu yake ikicheza. Dada akakitazama kikikaribia. Hakuamua lolote. Alishtukia tu nyundo imo mkononi mwake, na pigo la kwanza limekwisha kutua. La pili. La tatu. Kalibu ikapasuka toka utosini hadi miguuni.

Mdogo wake alipiga ukelele kama aliyepigwa yeye. Akaruka shimoni, akaokota kipande, akakifikicha kiganjani. Vumbi likapeperuka, jeupe, jepesi.

"Imekauka," alisema. "Imekauka kau, dada."

Mlangoni, Kuhani alifumba macho.

"Toka humo." Mdogo wake alipanda juu bila kumtazama. "Shaba haiwezi kuachwa ipoe chunguni. Angalau tupate taa."

Maana kulikuwa na kalibu ya pili, ya taa kubwa ya mafuta yenye matawi matano, ya kusimama mbele ya mungu. Waliipaka udongo siku ileile, wakaichoma kwa moto uleule, ila hii ilikaa pembeni, kule ukuta unakotoa jasho kila mvua ikinyesha. Dada hakuwa ameigonga. Tangu asubuhi masikio yake yote yalikuwa kwa ile moja, kwa sababu ile ilikuwa na uso.

Dada alitoka shimoni, akafungua kinywa. Aseme nini? Aseme tena ina maji, nyundo ingali mkononi, na vumbi lile jeupe limemtapakaa miguuni? Akakifumba tena. Mdogo wake alikwisha kushika koleo, akakiinamisha chungu polepole, kwa ustadi, jinsi shemeji yake alivyomfundisha. Uzi wa kwanza wa shaba ukaingia bila kelele.

Kisha kalibu ikakohoa.

Hapo hakutafuta neno. Aliitupa nyundo, akaushika mkanda wa mdogo wake kwa mikono miwili na kujiangusha kinyumenyume kwa uzito wake wote. Mlio ukaziba masikio. Shaba ikaruka hadi kwenye mabati, ikatapakaa ukutani, ikawashukia vipande vipande huku wakijikunyata sakafuni, kichwa cha mmoja kwapani mwa mwenzake. Mwili wa mdogo wake aliuwahi. Mkono wa kuume, uliokuwa umeng'ang'ania koleo, ulichelewa kuachia, shaba ikauunguza.

Walimtoa nje. Kuhani alileta ndoo mwenyewe, joho lake limelowa hadi magotini, akarudi kuchota nyingine bila kuambiwa. Dada alimmiminia maji mdogo wake mkononi taratibu. Mdogo mtu hakulia. Aliutazama mkono ule kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenisikia?"

Maji yakaendelea kutiririka.

"Fungua vidole," dada akasema. "Kimoja kimoja, mdogo wangu. Usiharakishe."

Mdogo wake akakifungua kidole kidogo. Akakifungua kinachofuata. Cha kati kikachukua muda, kikafunguka nusu.

"Haya," dada akasema, akisogeza ndoo karibu. "Na hiki?"