Uyoga wa Chini ya Mikaratusi

Mdomo wangu ndio huniponza. Mama mkwe alipofika kwetu Soweto West kutoka Bungoma na kusema ametamani obwoba, ule uyoga mdogo mdogo wa msimu wa mvua, ningenyamaza tu. Lakini wapi! Nikajigamba mbele ya wamama wa ploti nzima kwamba mimi Valentine ni Mluhya kamili, uyoga nimeuchuma tangu utotoni. Uongo mtupu. Nimezaliwa Kawangware, hapa hapa jijini, nikakulia Kawangware, na uyoga nimeujua ukiwa kwa sahani.

Asubuhi nikaingia msitu wa Ngong Road, nikarudi na leso imejaa. Ulikuwa mdogo, mweupe, vichwa kama vifungo vya shati. Si ndio huo? Nikaupika na maziwa na chumvi. Hata kabla sijampakulia mgeni, nikampelekea jirani yangu Trizah bakuli zima. Ana mimba, ndio, lakini si huruma iliyonipeleka. Ni vile huwa ananitania kwamba mimi ni Mluhya wa lami.

Mama mkwe hakugusa sahani. Aliokota mmoja uliobaki kwenye leso, akaugeuza, akaunusa, akaniuliza kichuguu chenyewe kilikuwa wapi.

"Kichuguu gani, mama?"

Akanieleza polepole, bila kukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Obwoba hutoka kwenye udongo wa mchwa, umejaa pamoja kama mtama uliomwagika. Mtu hutazama kwanza pale aliposimama, ndipo atazame uyoga. Nikakiri nimeuchuma chini ya mikaratusi, kwenye majani yaliyooza, na mchwa sikuona hata mmoja. Akasogeza sufuria kando.

"Huu siujui," akasema. "Na kitu nisichokijua sikili. Tutasema uliungua. Hakuna atakayejua."

Haki nilitaka kumkumbatia. Halafu nikakumbuka bakuli la Trizah.

Nilimkuta kwenye foleni ya maji na wale wale wamama, bakuli langu mkononi, limeshaoshwa. Akanishukuru, akasema uyoga ulikuwa mtamu sana. Nilitafuta uongo mwingine, nikaukosa.

"Trizah, twende hospitali sasa hivi. Ule uyoga siujui. Sijawahi kuchuma uyoga maisha yangu yote."

Trizah akainamisha macho, utadhani yeye ndiye mwenye makosa.

"Sikula, Vale," akasema kwa sauti ya chini. "Niliumwaga kwa mtaro. Sisi wote tunajua wewe ni wa Kawangware. Nilisema ni mtamu ili nisikuaibishe."

Nikachukua bakuli langu, nikarudi kwa nyumba. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.