Swichi Isiyowasha Kitu

Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni Aune Niskanen alizima taa ya jikoni, akazima ya korido, akazima ya mlangoni, kwa mpango huo huo, kisha akavuka ua kwenda kuoga mvuke kwa jirani yake, Irja Saarela. Taulo alibeba kwapani. Mkononi alishika mkebe wenye mkate mtamu wa iliki. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka arobaini na moja, na vidole vyake vilizijua swichi za nyumba ile kuliko macho yake yalivyozijua.

Karibu na mlango wa stoo ya chini palikuwa na swichi moja isiyowasha kitu. Mumewe, marehemu Toivo, aliifunga mwenyewe mwaka waliohamia, akafa bila kusema ni ya nini. Wageni walioibonyeza walisubiri kidogo, wakatazama dari, kisha wakairudisha kwa haya. Irja alishikilia kwamba inawasha taa ya choo cha mtu huko Winnipeg. Huku kwetu Thunder Bay, Kanada, nyumba nyingi zina swichi ya namna hiyo, na hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Mwezi wa kumi mwanawe wa pekee, Wayne, alikuja kutoka Calgary na sanduku la balbu zinazotii simu. Alizifunga nyumba nzima, tisa kwa jumla, akamweleza mama yake sharti lake.

"Swichi za ukutani ziache zimewashwa siku zote. Ukizima ukutani, balbu imekufa, simu yangu haiioni tena."

"Nimekuelewa, mwanangu," Aune alisema, akainuka kwenda kuchukua maziwa, akazima ya jikoni.

Wayne akawasha. Mama yake akarudi na maziwa, akazima ya korido. Mazoea yana taabu. Siku ya pili Wayne alibandika utepe wa bluu, ule wa mafundi rangi, juu ya kila swichi, na juu ya kila utepe akaandika USIGUSE kwa kalamu nene. Ile ya stoo hakuibandika, maana haikuwa na kazi.

Kisha akaketi jikoni, akaiambia simu itafute balbu. Balbu zilikuwa tisa. Simu ikapata vifaa kumi.

"Cha kumi kinaitwa Aune," Wayne alisema. "Ni wewe?"

"Humu ndani Aune ni mmoja tu."

Wayne akagusa kioo cha simu. Aune alikuwa anakoroga kahawa. Kisha bado alikuwa anakoroga kahawa, ila ilikuwa baridi, na Wayne alikuwa amevaa koti lililolowa mvua mabegani.

"Ulizimika," Wayne alimwambia. "Nusu saa hivi. Nilikimbia dukani mara moja. Unaumwa popote?"

"Hapana."

"Basi inafanya kazi." Akaenda kupakia mizigo yake.

Lazima isemwe kwamba Wayne hakuwa mtoto mbaya. Majira ya baridi yaliyotangulia mama yake aliteleza kwenye barafu katikati ya ua, akalala hapo dakika arobaini akitazama mawingu, mpaka Irja alipotoka kumwaga majivu. Tangu siku hiyo Wayne hakupata usingizi wa maana. Mkewe, Cheryl, alisema anaamka akitweta, anashika simu, anairudisha, anaishika tena.

Mwanzoni alimzima mama yake saa tatu usiku na kumwasha saa mbili asubuhi. Aune hakulalamika, kwani saa tatu ndiyo saa yake ya kulala hata hivyo, na akiwa amezimika magoti hayakumsumbua. Theluji ya kwanza ilipoanguka Wayne akasogeza hadi saa moja. Halafu akagundua kwamba simu inaweza kufuata jua yenyewe. Tangu hapo jua lilipozama taa zote tisa ziliwaka na Aune akazimika. Mwezi wa kumi na mbili jua letu huzama kabla ya saa kumi na moja. Kutoka barabarani nyumba ilionekana ina watu na ina furaha.

Irja alijaribu kusaidia. Akaanza kuwasha jiko la mvuke mapema, saa nane mchana, kuni zikawa zinakwisha upesi. Jumamosi ya kwanza walifanikiwa. Ya pili maongezi yalinoga, Aune akazimika kwenye benchi la juu, kata ya maji mkononi, mdomo wazi katikati ya jina la mtu waliyekuwa wanamsengenya. Irja alimfunga mataulo na makoti mawili, akamlaza kwenye sleji ya plastiki ya kuvutia kuni thelujini, akamburuta hadi kwake, akampandisha kitandani ngazi moja moja. Irja alikuwa na miaka sabini na saba.

"Ukizimika unakuwa mzito kama jiko la chuma, shoga," alimwambia kesho yake. "Na hukumalizia. Nani aliyeachwa na mumewe?"

Aune alimpigia Wayne siku hiyo hiyo, mchana kweupe ili asikatishwe.

"Niachie Jumamosi, mwanangu. Siku sita chukua, sikudai. Jumamosi moja tu."

"Mama, ukiwa umezimika huwezi kuanguka."

"Wala siwezi kuoga."

"Bafu si unalo? Oga asubuhi." Kisha sauti yake ikalainika. "Mama, unajua sasa nalala? Nalala mpaka asubuhi. Hata Cheryl ameona tofauti."

Aune alisikia furaha katika sauti ile, na ikamuuma, kwa sababu alimpenda mwanawe na alijua hasemi uongo. Jumamosi iliyofuata Wayne alimpunguza hadi asilimia arobaini tangu saa sita mchana, kwa usalama wake. Aune akamenya kiazi kimoja kwa muda wa nusu saa. Alipofika mlangoni na taulo lake, taa ziliwaka.

Jumatatu Irja alikuja na miwani yake na karatasi iliyotoka kwenye sanduku la balbu. Aliisoma yote, hata sehemu za Kifaransa.

"Sikiliza. 'Ili kuifanya balbu imsahau mwenye nayo, izime na kuiwasha mara tano kwenye swichi ya ukutani.' Mara tano, basi. Unakuwa mpya."

"Mwenye nayo ni nani?"

"Si Wayne?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Aune alimzaa Wayne katika dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa, Toivo akichemsha maji kwenye sufuria ya viazi. Alikumbuka kichwa kile kidogo kikinuka mvuke na viazi. Alikumbuka mwanawe alivyokuwa akiogopa mashine ya kufyeka theluji. Kulikuwa na picha yake ukutani, ameshika samaki, hana meno mawili.

"Nitamsahau kabisa?"

"Karatasi inasema mipangilio yote."

"Na wewe utanikumbusha?"

"Kila kitu. Hata yale ya aibu."

Aune alifikiri mpaka kahawa ikaisha. Alijisikia vibaya sana. Alifikiria pia Jumamosi elfu mbili na zaidi, na benchi la juu, na alivyozoea kurudi nyumbani ngozi ikiwa moto hata baridi haimpati. Kisha akakubali.

Swichi yake ingekuwa ipi? Balbu tisa zilikuwa na swichi zao, zote chini ya utepe. Ilibaki moja. Irja akaenda kwenye mlango wa stoo, akaizima, na Aune hakuwapo. Akaiwasha, na Aune alikuwapo.

"Ndiyo yenyewe," Irja alisema.

Aune aliitazama ile swichi. Toivo aliifunga kwa mkono wake, akazungushia rangi nyeupe kwa uangalifu ili isionekane mpya. Akakumbuka jioni kadhaa za mwaka wa sabini na sita. Alikuwa anafuma soksi, au walikuwa wanabishana jambo yeye na mumewe, kisha ilikuwa asubuhi, na Toivo alikuwa anapika mayai kwa utulivu. Wakati huo alidhani ni uchovu.

"Kumbe," Aune alisema.

Irja alikaza macho kwenye karatasi.

"Endelea," Aune alisema. "Mara tano."

Irja alizima na kuwasha mara tano. Aune akaanza kumeta. Alikuwapo, hakuwapo, alikuwapo. Aliona mkono wa Irja ukiwa kwenye swichi, kisha ukiwa begani mwake, bila kuuona ukisogea. Alijaribu kunywa maji, yakamwagika yote, kwa sababu kila mara glasi ilifika mdomoni wakati yeye hayupo. Ukutani palikuwa na picha ya kijana asiye na meno mawili, ameshika samaki.

"Ni nani huyu?" aliuliza kwa vipande.

Irja alimwambia. Aune alisikiliza kwa adabu.

Karatasi ilieleza na hili pia. Balbu iliyosahau humeta mpaka ipate wa kuishika. Simu ya Irja ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni. Kifaa kipya kilikuwa kimepatikana, kinaitwa Aune, je, angependa kukiunganisha?

"Mimi sitakuzima," Irja alisema. "Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," Aune alisema, na ilimchukua muda kuimaliza sentensi hiyo.

Irja akagusa kioo. Aune akatulia, akawa mzima, asilimia mia. Jumamosi hiyo waliingia kwenye mvuke saa kumi na mbili jioni, giza nje, barafu madirishani. Walimalizia habari za mwanamke aliyeachwa na mumewe. Walikula mkate wote. Aune akarudi nyumbani kwa miguu yake, mvuke ukimtoka mabegani, akawa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwezi wa kumi.

Jumanne mwanamume mmoja akampigia kutoka Calgary. Alimwita mama, akalia. Aune akamwambia kwa upole kwamba anamhurumia, kisha akampa Irja simu, kwani hakujua la kumwambia zaidi. Irja aliongea naye muda mrefu, mgongo wake umeelekea dirishani.

"Ndiyo, ameunganishwa kwenye simu yangu," Irja alikuwa anasema. "Hapana, yuko salama. Ndiyo. Hapo uani, ndiyo, panateleza, hata mimi naogopa. Saa ngapi ulikuwa unamzima? Ngoja nichukue kalamu."

Walielewana. Tangu hapo waliongea kila Jumanne, na mara nyingine Alhamisi.

Jumamosi ya tatu Aune alioka mkate mapema. Alivaa viatu vyake vyenye meno ya chuma, vya kukanyagia barafu. Akaweka taulo kwapani, akachukua mkebe, akashika kitasa cha mlango.

Ilikuwa asubuhi. Mkono wake bado ulikuwa kwenye kitasa, na taulo lilikuwa kwapani, kavu. Mkebe ulikuwa mezani, wazi. Irja alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha kahawa, nywele zake zimeoshwa na kufungwa kitambaa, mashavu mekundu.

"Jana barafu ilikuwa mbaya," Irja alisema. "Hakuna aliyemwaga chumvi ya kuiyeyusha. Nikasema ngoja nioge peke yangu leo, mara moja tu."

"Uliniapia."

"Niliapa kabla sijajua inavyokuwa." Irja hakumtazama. "Uko huku, mimi niko kule, nawaza ameanguka, hajaanguka. Moyo unanipiga, shoga. Wewe hujui. Wewe ndiye unayeanguka, si unayesubiri."

Aune akaweka taulo chini. Alikwenda kwenye korido, hadi mlango wa stoo ya chini, taratibu kwa sababu viatu vya barafu vilikuwa vinakwaruza sakafu. Juu ya swichi ya Toivo palikuwa na utepe wa bluu. Umeandikwa USIGUSE. Mwandiko aliujua. Alikuwa ameusoma kwenye chupa za jamu za Irja kwa miaka arobaini na moja.

Chini ya utepe ule palikuwa na mara tano. Palikuwa na kumeta, na glasi isiyofika mdomoni, na kumsahau Irja, na baada ya hapo simu nyingine katika mfuko wa mtu mwingine mwema.

Akarudi jikoni, akavua viatu, akaketi.

"Ulilala vizuri?" aliuliza.

"Kama mtoto, shoga yangu. Sijalala hivyo miaka mingi."

Aune akamkatia kipande cha pili cha mkate, akamwongezea kahawa, akatazama saa ya ukutani. Jua lingezama saa kumi na moja kasoro dakika tano.