Eti Aliuza Mechi

...na huyu naye anasema Nyuki bado wanastahili, anasema kama mtu aliyewahi kugusa mpira, Kibe wa bodaboda, amekuja saluni kuchajisha simu tu na sasa ameegemea mlango kama mwenye nyumba, anatupangia timu nne ambazo jopo litaziteua kuingia mchujo wa vyuo, eti Vifaru, eti Nyuki hata kama wamefungwa kwao, na Wavinya mwenye saluni anambishia, Wavinya huyu ambaye mwezi jana hangetofautisha kona na penalti, debe tupu haliachi kuvuma, na mimi hapa katikati yao kichwa kimesukwa nusu, upande mmoja abuja, upande wa pili nywele zimesimama kama nimepigwa na stima, ningekuwa nimesukwa chote ningeshaondoka, ningeshafika barabarani hata kabla Kibe hajamaliza hiyo hesabu yake ya pointi. Jumamosi moja tu, timu zote za juu zikaanguka, na tangu hapo Kileleshwa nzima imejaa makocha, mlinzi wa getini ni kocha, muuza njugu ni kocha, hata kule ofisini mjini Gichuru, asiyeweza kupanda ngazi bila kushika ukuta, Jumatatu alituchorea mfumo wa mabeki kwenye karatasi ya choo...

"Lakini Ufundi wasiingie. Ufundi hapana," Kibe anasema. "Kupigwa tatu na Majembe? Majembe, manze, timu ya mwisho! Hiyo game iliuzwa. Mkeka yangu ya kubet ilichanika hapo tu. Yule kocha alikula kitu."

"Si uliona vile walikuwa wanatembea?" Wavinya naye. "Mpira inapita mtu na anaiangalia tu. Hiyo ni kuuza. Hakuna kitu ingine."

Nimekaza shingo, Ivyne anayenisuka amehisi, vidole vimesimama. "Auntie, nakuumiza?" Hapana, suka. Hawajui. Kwao mimi ni kichwa tu, kichwa cha Jumatano. Kocha wa Ufundi ni mume wangu. Ni Dalmas, Dalmas aliyekula kitu, jamani, kitu gani, Dalmas hajui kuuza hata kuku, ile Krismasi huko Butere mama yake alimtuma sokoni na jogoo, akarudi jioni na jogoo wake kwapani na mnunuzi nyuma yake, eti mzee wa watu ametoka mbali, tumpe chakula kwanza, na tukamchinjia yule yule jogoo. Huyo ndiye mla rushwa wenu. Nyinyi watu mnamsifu. Kuuza mechi kunataka akili, kunataka mtu anayeweza kufunga mdomo na kuhesabu, na Dalmas... walitembea kwa sababu walikuwa wamelala, Wavinya, walikuwa wamelala wakiwa wima, maana Ijumaa aliwakusanya wachezaji wote akawapeleka kesha, kanisani kwetu Kangemi, kesha la kumshukuru Mungu kwa kuwaingiza kwenye mchujo, mchujo ambao walikuwa hawajaingia, walikuwa wamebakiza hiyo mechi moja, na mechi ni saa nne asubuhi. Nilimwambia. Nilisimama na sufuria ya chai mkononi nikamwambia Dalmas, hawa watoto wana mechi, waache walale, naye akanitazama na yale macho yake ya upole, "Rael, Mungu hachoshi mtu," akarudi mbele kupiga kayamba. Kulipopambazuka Oduor, golikipa, alikuwa amekumbatia ngoma ya kwaya, mdomo wazi, na nikawaza, haya, golikipa wetu ndiye huyo. Tatu bila. Wangefungwa saba kama Majembe wangekuwa na miguu.

Kibe anasema jopo linaloteua timu lingekuwa na akili lingeanza na kumfungia huyo kocha maisha. Kibe, hujui jinsi ulivyo karibu. Kesho asubuhi kamati ya chuo inakaa, na shtaka ni hilo hilo, wakisema aliuza hatafundisha mpira tena popote, miaka yote ile ya kukimbia na filimbi kwenye vumbi inaishia hapo na jina la mwizi juu yake, na yeye yuko nyumbani anakoroga chai. Amewaambia vijana wanyamaze na wamenyamaza. Ameniambia mimi pia. "Usimwambie mtu, watasema kanisa limewaharibia vijana." Nikamuuliza, kwa hivyo heri waseme wewe ni mwizi? "Mungu anajua." Mungu si mwanakamati, Dalmas. Akakoroga tu. Mtu mzima, sukari imeyeyuka kitambo, anakoroga...

"Auntie," ni Wavinya, ananitazama kwenye kioo, "na wewe? Aliuza ama hakuuza?"

Neno lenyewe ni moja, kesha, liko hapa kwenye ulimi, ningelisema na Kibe angenyamaza, kisha angecheka, angecheka mpaka akae chini, angelipeleka stejini na kufikia jioni lingekuwa kwenye kila simu, kocha wa kesha, na kesho kutwa Gichuru na karatasi yake ya choo, si wewe ndiye bibi ya kocha wa kesha, na wale wasichana wa mapokezi, na...

"Mimi sijui mpira," nasema.

"Achana nayo, ni stress tu," Kibe anasema, na anarudi kwa Nyuki wake.

Na nimekaa kimya kwa sababu mume wangu aliniomba. Hivyo ndivyo nimejiambia tangu Jumamosi, mume amesema ninyamaze, nami nimenyamaza, mke mtiifu. Mtiifu tangu lini? Alisema tusihamie Uthiru, tukahamia. Alisema mtoto asiende bweni, yuko bweni. Hili kesha lenyewe nililipinga mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Sijawahi kumtii Dalmas hata kwa chumvi ya mboga, na leo, jambo moja ambalo kumkaidi kungemwokoa, ndilo nimeona nitii. Naweza kwenda kesho kwenye hiyo kamati. Nilikuwa pale, niliwaona wamelala, hawawezi kunifukuza. Nimelijua hilo tangu Jumamosi jioni.

Kibe anamtukana mtu asiyemjua, na kidogo ana haki, mkeka wake ulichanika. "Auntie, geuka upande huu," Ivyne anasema, nageuka, nywele zinavutwa, Wavinya anasema Vifaru wataingia hata wakikosa pointi. Mume akiwa mwizi, watu humwogopa kidogo, na mkewe huhurumiwa. Akiwa mjinga, huchekwa yeye na mkewe pamoja. Nilikuwa na hao wawili mkononi, nikachagua mwizi.