Udongo na Maji ya Bordesley Green

Kosa la kwanza ni langu, na heri niliseme mwenyewe kabla jirani yangu Rosalie hajanisemea. Wale wanaume wawili waliposimama kwenye kona yetu hapa Birmingham wakiuliza nani atawapa maji, nilidhani ni watu wa kampuni ya maji. Mmoja alikuwa na jagi la fedha, mwingine mfuko wa ngozi, na bomba la jirani yetu Saido lilikuwa linatema kutu tangu Pasaka. Nikawaonyesha mlango wake. Nikawaambia kengele haifanyi kazi, wagonge tu.

Ilikuwa Julai 2004, wiki moja baada ya Wagiriki kuchukua kombe la Ulaya, na bendera za England zilikuwa bado zinaning'inia kwenye madirisha kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Saido alikuwa ametoka zamu ya usafi hospitalini, amevua viatu, anachambua mchele mezani. Akafungua mlango akawaona: kanzu ndefu za rangi, ndevu zimesokotwa vimawimbi vimawimbi, mikono imekunjwa kifuani. Hakuwauliza ni akina nani. Huko Garissa alikokulia, mgeni haulizwi shida yake kabla hajapewa maji. Akawaletea maji kwenye sinia, glasi mbili, zile nzuri.

Hawakunywa. Walimimina maji yote kwenye lile jagi, polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha wakaomba udongo.

Hilo nalo halikumshtua. Nyuma ya nyumba zetu zamani kulikuwa na kiwanda cha betri, na mara moja watu walishakuja na vijiko na chupa kupima bustani kama kuna sumu. Saido akachukua kijiko cha mchuzi, akachota chini ya dania yake, akatia kwenye kopo tupu la majarini. Wageni wakainama mpaka ndevu zikagusa zulia. Wakamwambia kwamba Mfalme wa Wafalme, mwenye Uajemi na nchi zote kutoka jua linapochomoza mpaka linapozama, amepokea.

Saido akawaambia karibuni tena.

Nyumbu wao walikuwa wamemfunga kwenye nguzo ya kituo cha basi. Walipomrudia, askari wa maegesho alikuwa ameshambandika faini kwenye tandiko. Waliisoma mbele, wakaigeuza wakaisoma nyuma, wakaitia mfukoni pamoja na udongo. Kisha wakavuka barabara kwenda kwa Andreou.

Andreou aliuza samaki na chipsi. Alikuwa Mgiriki wa Saiprasi, mtu mpole, ila wiki ile kombe lilikuwa limempanda kichwani, na juu ya duka alikuwa ametundika bendera ya bluu na nyeupe kubwa kuliko duka lenyewe. Wajumbe waliitazama sana ile bendera. Kisha wakaingia, wakapita foleni yote ya watu wa chakula cha mchana, wakaomba udongo na maji. Andreou alikuwa na watu saba wanasubiri na mafuta yanachemka. Akawaambia vyote viwili viko chini, tele, wajichotee. Akainua mlango wa sakafuni, wa ile stoo ya viazi ambayo kila mvua ikinyesha inajaa maji, wakashuka ngazi mmoja baada ya mwingine.

Hawakupanda tena. Jioni Andreou akaurudishia mlango kwa sababu wateja walikuwa wanajikwaa. Nyumbu akabaki kituoni, na Kulwinder wa duka la mboga akawa anampa majani ya kabichi yaliyonyauka na kumsogeza kivulini.

Aliyeyaona yote hayo ni Khalif, mtoto wa Saido, maana ndiye aliyekuwa anakaanga kwa Andreou. Aliporudi nyumbani akamsimulia mama yake kwa ile lugha yao ya pale ndani, Kiswahili mguu mmoja na Kiingereza mguu mwingine, na Kisomali cha kumwita mama tu. "Boss kawapeleka chini, Hooyo. Like, chini kabisa." Saido akauliza kama walikula. Khalif akasema hawaku-order.

Khalif alikuwa na miaka kumi na tisa, wa mwisho kati ya wanne. Wakubwa wake walishatawanyika: mmoja Rotterdam, mmoja Columbus, na mmoja alipanda boti Libya na bado hajapiga simu. Ni Khalif peke yake aliyekuwa analala chini ya paa la Saido. Ukimuuliza Saido anaomba nini kwenye sala zake, atakwambia hana orodha ndefu. Huyu abaki.

Baada ya siku chache maji yakakatika mtaa mzima. Mto Cole ulikuwa umekauka. Jeshi la Mfalme lilikuwa limepiga kambi Shard End, kwenye viwanja vya nyuma ya maghorofa, na lilikuwa limeunywa mto wote, watu kwanza kisha ngamia. Kwenye redio wakasema tupunguze kumwagilia bustani.

Bomba la Saido tu ndilo lililoendelea kutoka. Kutu iliisha yenyewe, yakawa maji baridi, matamu, yenye harufu ya mlima ambao hakuna aliyeujua. Tukapanga foleni kwake na ndoo. Mimi nilikuwepo, na masihara yangu yote, na masufuria mawili. Saido hakumkatalia mtu. Wala hakuna aliyemuuliza kwa nini Mfalme anampendelea yeye, maana ukiuliza sana unaweza kuambiwa urudishe.

Wiki hiyohiyo Mfalme alitandaza daraja la mashua juu ya mfereji ili jeshi livuke. Upepo ukalikata. Mfalme akaagiza mfereji uchapwe viboko, na watu wake wakasimama kingoni wakauchapa asubuhi nzima, wakiutukana, kisha wakautupia minyororo. Mhudumu wa mfereji alikuja na koti lake la kung'aa akawaambia kuchapa hakuna shida, ila minyororo hairuhusiwi kutupwa majini. Wakamsikiliza kwa heshima. Siku ya pili daraja lilisimama.

Ndipo akaja Jicho la Mfalme. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, Jicho, na alikuwa mtu safi, mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha mtangazaji wa zamani. Alikaa kwenye kiti cha Saido, akakubali chai, akasifu iliki. Akaeleza kwamba wajumbe wawili wamepotea kwenye nchi ya Wagiriki, ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kuna vita, na kila nyumba ya Mfalme inatoa mtu. Hapa mtu ni Khalif. Wataondoka Alhamisi.

Saido alimwambia kwamba hapa si nyumba ya Mfalme, hapa ni nyumba ya halmashauri.

"Mama," Jicho likasema, "aliyetoa udongo ametoa kinachoota humo. Aliyetoa maji ametoa kinachoyanywa."

"Nilidhani ni wageni."

"Walikuwa wageni. Na uliwapokea vizuri sana. Mfalme ameambiwa."

Saido akaomba Khalif aachwe. Akaeleza habari za wale watatu, hata huyo wa boti. Jicho lilisikiliza mpaka mwisho, kisha likamshauri, kwa wema kabisa, asilirudie ombi hilo mbele ya mtu mwingine. Yuko tajiri mmoja wa Lidia, likasema, aliyewalisha askari wote kwa mali yake, naye alikuwa na wana watano jeshini. Aliomba aachiwe mkubwa tu. Mfalme akamwachia. Alimkata kijana huyo vipande viwili, akaweka kimoja kulia kwa barabara na kingine kushoto, jeshi likapita katikati. Jicho lilieleza hivyo bila kutisha, kama mtu anavyokueleza masharti ya kadi ya maktaba. Likamaliza chai yake na kushukuru.

Siku zilizobaki Saido alizunguka. Msichana wa ofisi ya ushauri alisema anaweza kusaidia mtu anayefukuzwa nchini, lakini mtu anayeitwa vitani na mfalme mwingine hajawahi kumpata, ampigie wakili. Wakili alikuwa mashine ya kupokea ujumbe. Diwani alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamhakikishia kwamba mkataba wa nyumba haujabadilika hata kidogo.

Akamwendea Adow, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye huwa ndiye anatusemea. Adow alivaa suti akaenda kambini Shard End kuongea na wakubwa. Alirudi jioni na bangili ya dhahabu nene mkononi, yenye vichwa viwili vya simba. Alisema Waajemi ni watu wa kuongea nao. Alisema mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi. Kila alipotaka kuishusha bangili chini ya mkono wa koti ilikuwa inapanda tena yenyewe.

Rosalie, ambaye kwao ni Uvira, Kongo, alikuja na ndoo zake kama kila siku, akakaa na Saido jikoni maji yakijaa. Yeye jeshi halikuwa jambo geni kwake. "Kwetu banakuyaka tu, banaingia, Mama Khalif," akasema. "Habapigi hata odi. Hawa angalau baliomba maji." Alisema hivyo kumfariji. Kisha akabeba ndoo zake, moja kichwani, akaenda.

Khalif mwenyewe hakusumbua. Alikwenda zamu yake ya mwisho, akakaanga, akaosha trei. Andreou naye alikuwa anafunga duka. Binamu zake walikuwa wamemwita Hockley, ambako mmoja wao ana karakana ya vito kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili hawapishani, na hapo Wagiriki wa Birmingham walikuwa wameamua kusimama. Hawakuwa wengi. Kulwinder aliyepita na gari la mboga aliwakuta wameketi kwenye vizingiti wanachana nywele.

Khalif na bosi wake waliagana kwenye kaunta. Andreou alimfungia Khalif kipande kikubwa cha samaki, chumvi nyingi, siki nyingi, akamwambia, "Ukiniona mbele, piga pembeni kidogo."

"Safe, boss," Khalif akasema. "Na wewe hivyohivyo."

Alhamisi alfajiri askari wa Mfalme walikuwa mlangoni. Saido alikuwa amemfungia sambusa, soksi na fulana ya ndani, maana huku hata Julai haiaminiki. Khalif alimwinamia, akambusu kichwa, akasema atapiga simu wakipumzika. Wakampa mkuki, akaushika kama mtu aliyepewa mwavuli wa mtu mwingine. Kisha akaingia kwenye safu, na safu ikaelekea Shard End kujiunga na wenzao.

Jeshi lilianza kupita kwetu siku ile ile baada ya adhuhuri. Lilipita siku ile na kesho yake na zilizofuata, likijaza barabara ya Bordesley Green ukuta kwa ukuta. Basi la 97 likazungushwa njia nyingine. Waliotaka kwenda dukani walisema excuse me wakakatiza kati ya Wamedi na Waashuri, na Waashuri walikuwa wanapisha. Mwanzoni watoto walitoka kutazama ngamia, baadaye wakarudi kwenye televisheni zao.

Saido alisimama ukingoni mwa barabara tangu safu ya kwanza. Hospitalini waliongea, wakamwandika likizo bila kumuuliza. Tulimpelekea kiti, hakukalia.

Tatizo lilikuwa nyuso. Askari wa Mfalme walikuwa wanatembea ubavu. Ukisimama kulia kwao unaona jicho moja, pua moja, ndevu za vimawimbi, basi. Ukivuka ukasimama kushoto, ni hivyohivyo, upande tu. Rosalie alijaribu kusimama katikati ya barabara mbele yao kabisa, akarudi akasema hata kwa mbele ni upande. Na upande huo ulikuwa mmoja kwa wote, kama waliochongwa na fundi mmoja kwa siku moja. Hata Khalif, ambaye alikuwa na vinyweleo sita vya kidevu na alivipenda sana, lazima sasa alikuwa na ndevu kama zao.

Saido alitazama mikono. Khalif ana kovu la mafuta ya moto kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Lakini mikono yote ilikuwa imeshika mkuki kwa namna moja, vidole vimefuatana, kovu hakuna. Alitazama miguu. Viatu vilikuwa vya aina moja. Akaanza kunusa, maana mtoto aliyekaanga samaki miaka miwili harufu haimtoki kwa siku tano. Walinuka mawe yaliyonyeshewa.

Mahali fulani mbele, upande wa Hockley, kulisikika kelele za vyuma, zikanyamaza, zikaanza tena. Safu hazikuongeza mwendo wala kupunguza. Adow alipita akamwambia Saido afadhali akapumzike, na kwamba amesikia vijana wa huku wamewekwa nyuma, penye usalama. Saido alimuuliza nyuma ni wapi, maana jeshi lilikuwa halijaisha. Adow akasema ataulizia. Kulwinder alileta chai, akaiweka chini karibu na miguu yake.

Lile ombi kubwa Saido hakulirudia. Alikuwa ameelewa mashauri ya Jicho, na hakutaka mtoto akae pande mbili za barabara. Kwa hiyo alikuwa ameomba kitu kidogo, kitu ambacho hata mfalme mwenye nchi zote hawezi kusema kimempunguzia jeshi. Alikuwa amekiomba kwa safu ya Wamedi, na kwa ya wapiga mishale, na kwa ya wabeba ngao, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwamsha mtu kwa ajili ya shule. Sasa inapita safu nyingine, vijana tu ukiangalia urefu wao, jicho moja kila mmoja, wakitazama walikoelekea. Saido anatembea pembeni yao taratibu, anashika ukingo wa ushungi wake, anaomba tena.

"Khalif, geuka kidogo nikuone."