Kibao cha Mlangoni

Dada yangu hakuwa na mume, hakuwa na kitanda, hakuwa na mlango wa kufunga. Sufuria alikuwa nayo, ila haikuwa na mfuniko. Miaka miwili alilala kwenye baraza la maduka, akiamshwa na ufagio. Kwangu alikataa kuja. Alisema chumba kimoja hakitoshi watu wawili wakaidi.

Alichokuwa nacho ni pasi ya mkaa. Kwa hiyo shirika la hisani lilipompa chumba kinachotazama barabara, alianza udobi siku ya pili yake.

Wateja hawakuja. Walifika mlangoni, wakainua macho, wakaondoka na mafurushi yao. Akaniita nimsomee kibao ambacho shirika lilikikaza juu ya mlango: NYUMBA YA FUKARA. MSAADA WA WAHISANI.

"Nani atamwachia fukara suti yake ya harusi?" dada aliuliza. "Hata mimi ningejiogopa."

Akapanda juu ya ndoo, akafungua skrubu kwa kisu. Upande wa nyuma nilimwandikia kwa rangi nyekundu alivyotaka: DOBI. NGUO HAZIPOTEI HAPA. Akakirudisha palepale. Haikupita wiki, kamba ikajaa mashati.

Ndipo akaja afisa wa shirika, kijana mwenye kiatu cha kung'aa.

"Mama, wahisani wanakuja Jumamosi kupiga picha. Kigeuze kibao kiwe kama kilivyokuwa. La sivyo, chumba tutampa mwingine."

"Mwanangu, shati lako lina mkunjo mgongoni. Lilete."

"Sikuja kwa mambo ya shati."

"Najua. Ila linaonekana."

Akataka jibu la maandishi, akaondoka akijipapasa mgongo.

Barua niliandika mimi, maana nimesoma masomo ya jioni na najua barua ya heshima inavyoanza. Niliandika kwamba anaomba radhi. Nikamsomea.

"Radhi ya nini, kaka?"

"Utarudi barazani, dada."

"Barazani napajua. Sikuogopa ufagio, nitaogopa kalamu? Kata hiyo. Andika ninavyosema."

Nikaandika: *Chumba nakishukuru. Fukara mliyemwandika mlangoni hayupo. Anayekaa hapa ni dobi, na ana kazi. Wageni wa Jumamosi wanakaribishwa, waje na nguo zao chafu. Mkija kunitoa, njooni mchana, nguo za watu zikiwa kambani, muwaeleze wenye nguo hizo.*

"Ni kali mno," nikasema.

"Basi leta wino niweke dole gumba kabla haijapoa."

Bahasha aliipaka wanga wa nguo, akaifunga, akaipitishia pasi mpaka ikanyooka. Tarishi wa shirika lile lile alikuwa amefuata suruali yake. Dada akampa vyote viwili.

"Peleka ofisini leo," akamwambia. "Na usikunje. Barua wala suruali."