Gauni la Kufunikia Jagi

Shangazi alimpachika jina la Fundi Hewa siku ile alipomweleza kazi yake, na jina likamganda. Wala hakumlaumu. Mwanamume mzima mwenye ndevu zake anaamka asubuhi, anapiga pasi shati, anakwenda kutengeneza nguo ambazo hazitavaliwa na mtu yeyote mwenye mwili! Zilikuwa nguo za watu wa kwenye michezo ya kompyuta na filamu za katuni, na katika hizo yeye aliangukiwa na kazi ambayo wenzake waliikimbia: lesi. Lesi ina matundu mengi kuliko uzi, na matundu yasipokaa vizuri gauni zima huonekana kama limepakwa chokaa.

"Yaani kutwa nzima unatengeneza matundu?" Shangazi alimuuliza.

"Matundu ndiyo kazi yenyewe, Shangazi."

"Hilo nalijua tangu hujazaliwa."

Alilijua kweli. Miaka arobaini vidole vyake vilikuwa havijui kukaa bure. Akizungumza anafuma, akisubiri chungu kichemke anafuma. Ndiye aliyemlea Fundi Hewa tangu mama yake alipofariki, mtoto akiwa na miaka miwili, hajui hata kusema "maji" sawasawa. Uso wa mama yake hakuukumbuka. Alishajaribu mara nyingi kuukumbuka, akaishia kuona uso wa Shangazi.

Mwaka huu macho ya Shangazi yakaanza kumfanyia visa. Katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la kijivu; pembeni aliona, katikati hola. Akitaka kuona kitu ilimbidi akitazame kando, shingo upande, kama kuku anayekagua punje. Daktari hakumficha: doa litaendelea kukua, na kabla ya mwaka kwisha huenda likafunika kila kitu. Shangazi alimshukuru daktari, akatoka, akapanda teksi na Fundi Hewa, na walipofika nyumbani akasema neno moja tu.

"Ningependa kuliona tena lile gauni la mama yako."

Gauni hilo alilifuma mwenyewe kwa miezi saba, kwa ajili ya harusi ya wifi yake. Lakini gauni halikuwapo. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja juu ya sanduku, na siku lilipofunguliwa, gauni na picha za harusi vilikuwa vimeoza pamoja. Kilichopona ni kipande cha ukubwa wa viganja viwili. Shangazi alikifua, akakikunja ukingo, akakitia shanga pembeni, akakifanya cha kufunikia jagi la maji.

"Hili hili jagi letu?" Fundi Hewa alishtuka. Miaka thelathini alikuwa akikifunua kile kitambaa na kujimiminia maji. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa kunywa maji."

Basi akakibeba kitambaa kazini ndani ya bahasha, kama mtu aliyebeba yai. Alikilaza juu ya karatasi nyeusi, akakipiga picha kwa mashine, kisha akakaa nacho wiki nzima kila alipomaliza kazi za ofisi. Kazi yenyewe ilitaka subira. Unachukua kipande kidogo, unakifanya kiwe kama kigae cha sakafuni: ukingo wa kulia ukutane na wa kushoto, wa juu na wa chini, ili ukikipanga mara mia tatu kuzunguka gauni, jicho lisione kilipoanzia wala kilipoishia. Kila tundu analitoboa mpaka mwanga upite. Kila uzi anauinua kidogo ili uwe na kivuli chake.

Na kosa, katika kazi hii, halisamehewi. Uzi mmoja ukilegea ndani ya kigae, utaonekana umelegea mara mia tatu. Kwa hiyo alipokuta ua moja lina petali tano wakati mengine yote yana sita, hakuwaza hata kidogo. Alinakili petali kutoka ua la jirani, akaibandika, akasahau.

Jumamosi akampeleka Shangazi ofisini, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na skrini kubwa kama mlango. Shangazi alivaa viatu vyake vya kutokea, akapanda ngazi akilalamika kila kidato, akazisalimia kompyuta zote kwa heshima. Fundi Hewa akamketisha, akawasha. Gauni likatokea, jeupe, limevaliwa na sanamu isiyo na sura, likizunguka polepole.

Shangazi aligeuza shingo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, muda mrefu.

"Zuri," alisema hatimaye. "La nani?"

"Shangazi! Si lile la mama?"

"Mwanangu, kazi yangu naijua. Hapo kuna ua limepotea. La petali tano."

"Lile nililirekebisha. Lilikuwa limekosewa."

Shangazi akacheka, kicheko kidogo kilichokuwa na machozi ndani yake.

"Limekosewa, ndiyo. Umedhani nilikosea mimi? Mimi, nikosee kuhesabu sita? Hilo alilifuma mama yako. Alikuja kunitembelea wiki ya mwisho, gauni linakaribia kwisha, akaning'ang'ania: wifi, niachie na mimi ua moja. Sindano hajui hata kuishika. Alishinda nalo kutwa, ulimi nje. Nikamwambia limepungua petali, lifumue. Akaniambia halifumuliwi, labda nimfumue yeye. Mkaidi yule! Nikaliweka kwapani, upande wa kushoto, mkono ulifunike wakwe wasione."

Fundi Hewa akavuta kiti akakaa. Mama yake hakumwachia barua, wala picha, wala sauti. Alimwachia petali tano, na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amezifuta kwa kuona aibu ya kazi mbovu.

Akafungua bahasha, akakitoa kitambaa cha jagi, akalitafuta ua kwa kidole. Lilikuwa karibu na ukingo, uzi umekazwa kupita kiasi upande mmoja, kama wafanyavyo wanaojifunza. Mara ngapi kidole hiki kimepita hapa, kikifuata maji? Alilia kidogo, na Shangazi akamwacha alie, akimpapasa mgongo kama zamani.

Alipojifuta uso, aliirudisha picha ya kwanza kwenye kigae. Petali tano zikarudi. Gauni likazunguka, na maua ya petali tano yakatapakaa kuanzia shingoni mpaka miguuni.

"We! Hapana, hapana," Shangazi akapiga mkono mezani. "Umemsingizia! Alikosea mara moja tu."

Wote wawili wakacheka sana. Ikabidi avunje utaratibu wa kazi yake: akaacha kigae safi kizunguke gauni lote, kisha akalikata lile ua peke yake, akalipeleka kwa mkono hadi kwapani, akalishona pale, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi, pamoja na ule uliokazwa. Ilimchukua mchana mzima. Shangazi alisubiri kwenye kiti, vidole vikifuma hewani bila sindano.

"Tayari, Shangazi."

Shangazi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akalielekezea ua macho, likafunikwa na doa. Akapandisha macho taratibu, begani, shingoni, mpaka kwenye uso mtupu wa sanamu, na hapo akatulia.

"Nimelipata," alinong'ona. "Nikimtazama usoni, ndipo ua lake linaonekana."

"Ila uso hauna kitu, Shangazi," Fundi Hewa alisema. "Sikujua niweke uso gani. Simkumbuki."

"Wala mimi katikati sioni kitu, mwanangu. Hapo hapakutakiwa uweke wewe." Alimtafuta mkono, akaupata, akaushika. "Hapo namweka mimi."

Akaendelea kutazama, hapepesi. Fundi Hewa naye akatazama pale pale, kwenye weupe ule usio na macho wala mdomo, akangoja.

"Yukoje?" aliuliza.

"Ulimi nje," Shangazi akajibu. "Anahesabu."