Dari Lililoota Kitambi

Kuanzia Lionja hadi Mbekenyera hapakuwa na dari lililowahi kumshinda fundi Agapiti, na halikutazamiwa kutokea. Alikuwa akiyasema hayo Jumatatu asubuhi, mwaka 1949, huku akiweka pimamaji sebuleni kwa bwana wa mashamba ya karanga, Nachingwea. Nyumba ilikuwa na miezi mitano tu, na dari lake lilikuwa limeota kitambi.

Agapiti alilisukuma kwa nguzo mbili na jeki ya trekta mpaka likanyooka. Saa nne, bwana alipoketi kunywa chai, lilishuka tena likamvua kofia. Bwana akasema lisiponyooka kufikia Ijumaa, mbao zote zitang'olewa na kuchomwa, na Agapiti akatafute kibarua kwingine.

Agapiti akapanda kutazama kupitia tundu la darini, upande wa jikoni. Mwanne, aliyekuwa akifua nguo za bwana, akamshikia ngazi.

Juu ya dari walikuwa wameketi marehemu arobaini wa kijijini kwa Agapiti, wamebanana kwa adabu, wanawake huku, wanaume kule. Trekta za bwana zilikuwa zimesawazisha makaburi yao, zikang'oa na mti wa msolo ambao chini yake walikuwa wakiwekewa unga wa tambiko. Msolo ukapasuliwa mbao, mbao zikaja darini. Wao wakaufuata mti wao.

Bibi yake mzaa mama alikuwa karibu na tundu, akipepeta ufuta.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu akinyonya, "na wewe umetumwa kutuhamisha?"

Agapiti akajibu kuwa ametumwa kunyoosha dari tu.

"Haya, nyoosha. Sisi tumeshahamishwa mara moja, inatosha. Na wenzetu wa Ruangwa wanafika kesho, usije ukasema hukuambiwa."

Wakafika. Dari likashuka hadi usawa wa kifua. Bwana akawa anaingia sebuleni kwa kuinama, Jumatano akaingia kwa magoti, Alhamisi akaandika barua zake akiwa kifudifudi. Agapiti alimkatia meza miguu.

Ijumaa waliitwa vibarua ishirini waje kung'oa mbao. Walisimama mlangoni, wakavua kofia, wakawaamkia wazee wao, kila mmoja kwa jina. Kisha wakaketi chini. Bwana aliamuru mara tatu. Hakuna aliyegusa nyundo.

Mbao zikabaki. Bwana alihamia kwenye hema, Agapiti akafukuzwa kazi, na trekta ziliendelea. Siku hiyohiyo zilisawazisha makaburi mengine kumi na moja.

Lakini isije ikasemwa kwamba Agapiti alikuwa mzembe. Alipambana na dari lile wiki nzima, kwa jasho lake, akashindwa kiume.

Hadithi ingeishia hapo, ila Mwanne yu hai, na ameketi mkabala na anayeisimulia.

"Alipambana na nini?" anauliza. "Ngazi nilishika mimi. Tangu Jumanne alikuwa anapanda na kibuyu cha togwa, anashuka na misumari ya dari mfukoni."